Virunga: Lava huunguza msitu, makala ndiyo yanayouzuia kurudi

Kila mara anga la Goma linapogeuka jekundu usiku, macho yote huelekea kaskazini. Wakaaji wa Majengo, wa Buhene na wa Kibati huulizana swali lile lile: itashuka au haitashuka? Swali hilo lina haki yake. Tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977, ziwa la lava la Nyiragongo lilijimwaga kwa muda usiofika saa moja. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, lava ilipasua mji katikati, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia Ziwa Kivu. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, ilifika Buhene na kusimama karibu na uwanja huo huo, ikaacha nyuma yake watu wapatao thelathini wamekufa na maelfu ya nyumba zimeteketea. Hakuna mtu wa Goma anayehitaji kufundishwa kuogopa volkano.

Lakini kuna swali la pili ambalo haliulizwi mara nyingi, nalo linahusu msitu unaozunguka mlima huo. Nani anaumaliza? Wengi hujibu haraka kwamba ni moto wa volkano. Kuna hata wanaojitetea kwamba miti ya Virunga itaungua siku moja tu, kwa hiyo ni afadhali ikatwe mapema ipikie watu chakula. Hoja hiyo inaonekana kuwa na akili. Ukiitazama kwa karibu, inaanguka. Lava huunguza msitu na kuuachia njia ya kurudi. Tanuri la makala hukata njia yenyewe.

Mlima unaovunja na kujenga

Hifadhi ya Virunga ilianzishwa mwaka 1925, wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, ikiitwa Hifadhi ya Albert. Ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika. Mwanzoni ilizunguka milima ya ngagi, yaani Mikeno, Karisimbi na Bisoke, na baadaye ikapanuliwa. Volkano nane za Virunga zimesimama mstari mmoja, kutoka Muhabura upande wa mashariki hadi Nyamulagira upande wa magharibi. Sita zimelala. Mbili zinafanya kazi, Nyiragongo yenye mita 3,470 na Nyamulagira yenye mita 3,058, na zote mbili ziko ndani ya Kongo na ndani ya hifadhi.

Mtu akitaka kujua volkano hizi zimefanya nini kwa nchi hii, atazame Ziwa Kivu. Zamani sana maji ya bonde hili yalikuwa yakielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Lava ikafunga njia. Maji yakapanda, yakatafuta mlango mwingine kusini, na mlango huo ni mto Ruzizi unaoteremka hadi Tanganyika. Udongo mweusi wa Rutshuru na Masisi, unaotoa maharagi, viazi na ndizi zinazolisha Goma, umetokana na mawe ya volkano yaliyooza kwa muda mrefu. Hata kuta za nyumba na nyua za Goma zimejengwa kwa jiwe hilo hilo lililofukuza watu. Mlima uliovunja mji ndio pia unaoupa mji mawe ya kujengea na udongo wa kulimia.

Kwenye pori, kazi ya volkano ni kali zaidi kwa sababu hakuna anayeizuia. Nyamulagira haisemwi sana mjini kwa kuwa mara nyingi lava yake huishia msituni, lakini ndiyo inayolipuka mara nyingi zaidi: zaidi ya mara 40 tangu mwisho wa karne ya 19. Lava zake, za kale na za karibuni, zimetandaa juu ya kilomita za mraba karibu 1,500. Mwaka 1938 zilishuka hadi Ziwa Kivu, upande wa Sake. Mwezi wa kwanza 2010 mlima huo ulilipuka tena, na walinzi wa hifadhi wakaingiwa na hofu kwa ajili ya shimpanze karibu 40 wanaoishi upande huo. Mwishoni mwa 2011 ulifunguka kwa mara nyingine, na moto ukaendelea kwa miezi.

Wanyama hawana simu wala redio ya kuwapa habari. Mwaka 1977, lava ya Nyiragongo, ambayo ni nyepesi na huteremka kwa kasi kuliko lava za volkano nyingi duniani, ilikuta tembo njiani. Walikufa wakiwa wamesimama, na jiwe lilipopoa likaacha matundu yenye umbo la miili yao. Lava inapokuwa haitoki, gesi huendelea kutoka. Nyiragongo na Nyamulagira ni miongoni mwa milima inayotoa gesi ya sulfuri kwa wingi zaidi duniani. Upepo huisukuma mara nyingi upande wa magharibi, kuelekea Rusayo na Masisi. Mvua inayopita ndani ya moshi huo hushuka na asidi, ikababua majani ya miti porini na ya maharagi shambani. Ndani ya maji hayo mna pia floraidi, ile inayoharibu meno ya watoto katika vijiji visivyo na maji mengine isipokuwa ya mvua. Na kwenye mabonde madogo kati ya Goma na Sake kuna mazuku, upepo mbaya usioonekana wala kunusika vizuri, unaokaa chini kama maji na kumuua mbuzi, ndege au mtoto anayeingia humo asubuhi bila kujua.

Haya yote ni kweli na hayapaswi kufichwa. Anayetetea msitu wa Virunga asijidanganye kwamba volkano ni mpole. Kinachotakiwa ni kutazama kinachotokea baada ya moto kupoa.

Jinsi msitu unavyorudi juu ya jiwe

Lava mpya ni nyeusi na haina hata unyasi mmoja. Anayepita barabara ya Goma hadi Sake au ile ya Rutshuru ameyaona mawe hayo yenye ncha kali yanayokata kiatu. Baada ya miaka michache rangi hubadilika. Jiwe linaanza kuwa la kijivu, kana kwamba mtu amelinyunyizia majivu. Si majivu. Ni kiumbe hai kidogo, kisicho na mizizi wala maua, kinachojishikilia juu ya jiwe tupu na kuishi kwa mvua na hewa. Wanasayansi wanakiita Stereocaulon. Mbelgiji Jean Lebrun, aliyechunguza mimea ya lava za kaskazini mwa Ziwa Kivu katika karne iliyopita, alieleza ngazi hizi za kurudi kwa uhai hatua kwa hatua.

Kiumbe hicho cha kijivu kinalegeza jiwe polepole na kukusanya vumbi. Katika nyufa, pale unyevu unapobaki, zinaingia mbegu za mimea ya aina ya feni. Majani yake yanakufa, yanaoza, yanakuwa udongo: kwanza kiganja kimoja, kisha viwili. Vichaka vinafuata, halafu miti inayopenda jua na kukua haraka. Chini ya kivuli chake inaanza kuota miti ya msitu wenyewe, ile mizito na ya polepole. Juu ya lava za zamani upande wa Sake, vichaka na miti vimekwisha kusimama mahali ambapo babu za watu wa leo waliona moto. Kazi hiyo huchukua miongo, na juu kwenye baridi huchukua muda mrefu zaidi. Lakini inafanyika bila mradi, bila wafadhili na bila mkutano.

Kuna sharti moja, nalo ndilo moyo wa jambo hili. Mbegu lazima zitoke mahali. Lava haifuniki kila kitu. Inapoteremka hugawanyika kama maji yanayozunguka kisiwa, na katikati ya mawe meusi hubaki vipande vya msitu wa zamani, vidogo au vikubwa, ambavyo moto haukuvigusa. Vipande hivyo ndivyo ghala ya mbegu. Ndege hula matunda huko na kuangusha mbegu juu ya lava. Popo hufanya hivyo usiku, nyani mchana, na upepo huchukua mbegu nyepesi wakati wote. Pale kisiwa cha msitu kilipo hai, jiwe lililo karibu nacho hupata miti. Pale kisiwa kilipokatwa, jiwe hubaki jiwe kwa muda mrefu, na kinachoota ni magugu na vichaka tu.

Mfano mzuri ni Tongo, katika Rutshuru. Msitu wake umesimama juu ya lava ya kale, na maji ya mvua hupotea mara moja ndani ya mawe. Hakuna mto wala kijito. Shimpanze wa huko wamejifunza kuishi hivyo: huchimba mizizi yenye maji na kuitafuna ili kukata kiu, na hutumia mimea midogo laini ya aina ya moss kama sifongo ya kunyonya maji yaliyobaki kwenye mashimo ya miti. Watafiti waliandika habari hizo miaka zaidi ya 20 iliyopita. Mnyama anayeweza kuchimba maji ndani ya nchi ya mawe ameishi na volkano kwa vizazi vingi na anaijua. Kitu ambacho hajui namna ya kuishi nacho ni msumeno.

Tanuri linachukua nini

Goma ina watu zaidi ya milioni moja, na nyumba nyingi hupika kwa makala. Sehemu kubwa ya makala hayo hutoka ndani ya hifadhi. Kila mtu anayajua magunia yanayofika kwenye soko la Virunga na Birere, yamefungwa kwa majani juu, mengine kwenye malori, mengine kwenye chukudu zinazoteremka kutoka Kibumba na Rusayo kwa mwendo unaotisha wapita njia. Biashara hiyo haifanyiki gizani.

Kwa kawaida, tanuri la udongo linakula kilo sita, saba, hata kumi za mti ili litoe kilo moja ya makala. Mchomaji hatafuti mti mchanga unaokua haraka. Mti huo hutoa makala mepesi yanayokwisha upesi. Anatafuta mti mgumu, wa zamani, wenye makala yanayodumu ndani ya mbabula. Mti huo uko wapi kwenye nchi ya lava? Uko katika vile visiwa vya msitu ambavyo moto uliviacha. Kwa maneno mengine, mchomaji anaanza kazi yake mahali pale pale ambapo msitu wote unategemea ili urudi.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalifikirii. Tanuri linahitaji kufunikwa kwa udongo ili moto usipate hewa. Kwenye bonde la Rutshuru udongo ni mwingi. Juu ya lava, udongo ni viganja viwili au vitatu, kazi ya miaka mingi. Mchomaji anaukwangua kutoka kwenye nyufa za mawe, anafunika tanuri, na moto unaubabua na kuua mbegu zilizomo. Siku akiondoka na magunia yake, anaacha duara jeusi na jiwe tupu. Mlima ulichoma msitu mara moja, kisha ukautengenezea kitanda. Tanuri limechukua mti, mbegu na kitanda pia.

Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Lava ni tukio. Inakuja, inasimama, na miaka inapita kabla haijarudi mahali pale pale. Tanuri ni kila wiki. Hakuna msitu unaoweza kuanza kurudi kila wiki.

Madhara hayo hayabaki upande wa volkano zinazowaka. Katikati ya mwaka 2004, hekta karibu 1,500 za msitu wa Mikeno, makao ya ngagi, zilikatwa katika muda wa wiki chache. Mwaka 2007, ngagi wa familia ya Rugendo waliuawa kwa risasi, na wengi waliofuatilia jambo hilo waliona mkono wa biashara ya makala nyuma yake. Walinzi wa hifadhi zaidi ya 200 wamepoteza maisha kazini katika miaka ya vita. Hata hivyo hesabu iliyotangazwa mwaka 2018 ilionyesha ngagi 604 katika milima ya Virunga upande wa nchi zote tatu, idadi iliyopanda. Pori hili bado lina nguvu ya kuinuka likipewa nafasi.

Mama mwenye sufuria hana kosa

Hoja hizi zote zinaweza kuwa tusi zikisemwa kwa mtu asiye na kitu cha kupikia. Maharagi hayaivi kwa hotuba. Yanahitaji moto wa saa nyingi, na mama wa Kanyaruchinya au wa Ndosho hapiki kwa sababu anachukia msitu. Anapika kwa sababu watoto wana njaa.

Vita vimefanya jambo hili kuwa chungu zaidi. Kati ya 2022 na 2024, mamia ya maelfu ya watu walikimbia Rutshuru na Masisi wakajipanga kuzunguka Goma, Kanyaruchinya, Bulengo, Rusayo, Lushagala, chini ya mahema yaliyopigwa juu ya lava. Chakula kiligawiwa mara chache, na kuni karibu hazikugawiwa kabisa. Wanawake waliingia hifadhini kuzitafuta, na wengi walibakwa huko na watu wenye silaha. Mwanzoni mwa 2025, mji ulipochukuliwa na M23, kambi zilibomolewa na watu wakasukumwa tena barabarani, wengi kurudi vijijini ambako nyumba na mashamba havikuwepo tena. Kumwambia mwanamke wa aina hiyo kwamba yeye ndiye adui wa Virunga ni uongo na ni ukatili.

Vilevile mkulima wa Kibumba au wa Rugari ana neno lake la kusema. Mipaka ya hifadhi iliwekwa na wakoloni, na familia nyingi zinakumbuka mashamba yaliyoingia ndani ya mipaka hiyo. Malalamiko hayo si ya kubuni, na kuyajibu kwa bunduki peke yake hakujawahi kuyamaliza. Msitu usiowafaidi majirani wake utakuwa na majirani wanaongoja siku ya kuukata.

Lakini huruma hiyo isitumiwe kuwafunika wengine. Mama ananunua kopo au gunia moja. Kati yake na msitu kuna mnyororo mrefu: mwenye silaha anayetoza kila tanuri, anayetoza kila kizuizi barabarani, mwenye lori na mwenye ghala. Makundi yenye silaha, ya rangi zote, yamekula pesa ya makala kwa miaka, na watu wenye sare za serikali pia wametajwa mara nyingi. Hao ndio wanaofaidika na ule msemo kwamba volkano itaunguza tu. Msemo huo unawapa usingizi mzuri.

Tena ni mnyororo huo unaomaliza mkulima mwenyewe. Msitu wa mteremko wa volkano hushika mvua na kuipeleka polepole kwenye chemchemi zinazotokea mbali chini ya mawe. Ukikatwa, mvua huteremka kwa nguvu, hubeba udongo, na shamba la chini hupokea mawe badala ya maji. Mtoto wa mkulima huyo hatarithi ardhi ya hifadhi wala ardhi ya baba yake.

Kinachotakiwa kufanywa

La kwanza ni kubadilisha namna ya kuyatazama mashamba ya lava. Kwa wakubwa wengi, lava ni nchi iliyokufa: mahali pa kupiga mahema, kugawa viwanja au kumwacha kila mtu afanye atakavyo, kwa kuwa hakuna cha kuharibu. Hilo ni kosa kubwa. Lava ya kijivu yenye feni kwenye nyufa ni msitu wa wajukuu. Visiwa vya miti vilivyobaki katikati yake vinapaswa kulindwa kabla ya sehemu nyingine zote, hata kama ni vidogo na havina ngagi wa kuonyesha watalii. Walinzi ni wachache. Wakitakiwa kuchagua, waanzie hapo.

La pili ni nishati, na hapa maneno matupu hayasaidii. Mtambo wa umeme wa Matebe huko Rutshuru, uliofunguliwa mwishoni mwa 2015, una megawati 13.6 zinazotokana na maji ya mto, na umeleta mwanga hadi Goma. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini taa haipiki maharagi. Mpaka siku ambapo kupika kwa umeme kutakuwa rahisi kuliko gunia la makala kwa familia maskini, umeme utapunguza giza bila kupunguza matanuri. Bei ya kuunganishwa, bei ya jiko na usalama wa nyaya ambazo vita vimezikata zaidi ya mara moja: hapo ndipo msitu utakapopona au kufa. Kwa wale ambao umeme hautawafikia kesho, kuna mti wa kupandwa. Tangu 2007, mradi wa EcoMakala wa WWF umewasaidia wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda miti kwenye mashamba yao wenyewe ili makala yatoke huko na siyo hifadhini. Njia hiyo inajulikana na inawezekana. Inahitaji amani, na inahitaji makala ya halali yasitozwe njiani kodi kubwa kuliko makala ya wizi.

La tatu ni kuacha kusahau kwamba kila mlipuko una wimbi la pili. Wimbi la kwanza ni lava. La pili ni watu waliopoteza nyumba, wanaohitaji mbao za kujengea na kuni za kupikia mahali walipokimbilia. Tarehe 27 mwezi wa tano 2021, mitaa kumi ya Goma iliamriwa kuhama, na watu mia kadhaa elfu wakaelekea Sake, Minova, Rutshuru na Rwanda bila kitu. Walipika kwa nini? Kwa miti iliyokuwa karibu. Mpango wa dharura usio na jiko wala kuni ndani yake ni mpango wa kukata msitu. Serikali na mashirika ya misaada waweke kitu cha kupikia katika orodha ile ile yenye unga, mafuta na mahema.

La nne ni kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, OVG. Mradi uliokuwa ukifadhiliwa na Benki ya Dunia ulipokwisha mwaka 2020, kituo kilibaki kwa miezi bila pesa hata ya intaneti ya kupokea habari za mitambo yake, na mwaka uliofuata mlima ukapasuka. Nchi yenye volkano mbili kati ya zile zinazowaka sana Afrika haiwezi kuendelea kuomba ada ya intaneti kwa wageni. Kituo hicho hulinda watu. Kikiwa na nguvu kinaweza pia kufuata gesi, mvua ya asidi na lava mpya ndani ya hifadhi, ili walinzi wajue ni sehemu ipi ya pori imeungua na ipi inahitaji kupumzishwa.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya wakati wa amani, na kwamba watu wanaokufa kwa risasi hawana nafasi ya kufikiria feni juu ya mawe. Ni kweli kwamba maisha ya mtu yanatangulia. Lakini vita vya Kivu vimelishwa na makala kwa miaka mingi, kama vilivyolishwa na madini. Kila gunia linalotoka hifadhini kwa kodi ya mwenye bunduki linanunua risasi nyingine. Kulinda visiwa vya msitu na kumpa mama jiko lingine ni kumnyima mwenye bunduki mshahara wake.

Mwaka 2025 Virunga ilitimiza miaka 100. Katika miaka hiyo, Nyiragongo na Nyamulagira zimeunguza sehemu zake mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kukumbuka, na kila mara msitu ulianza tena kutoka kwenye nyufa za jiwe. Tangu 1994, UNESCO imeiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na sababu ya kuwekwa huko ilikuwa vita na watu, haikuwa volkano. Lava itashuka tena. Hakuna waziri wala jenerali atakayeikataza. Kilicho mikononi mwa binadamu ni kuhakikisha kwamba siku itakapopoa, patakuwa bado na msitu karibu nayo wa kuipa mbegu.